Maswali ya Wasomaji: Kuunda mchezo wa koloni la maji moto

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinahusu aina moja ya mchezo wa simu: unaanza na mdudu chungu mmoja, kwa mfano wale maji moto wanaoshona viota kwa majani ya miti, analeta chakula, chakula kinanunua chungu mwingine, namba zinakua mpaka koloni linajaza shamba zima. Wengi wenu mnauandika wenyewe kwa lugha ya programu ya JavaScript ndani ya kivinjari. Tumejibu kwa urefu pale penye mengi ya kusema.

Shikamooni. Nasoma kidato cha sita, Mtwara Mjini. Katika mchezo wangu kibarua (chungu mfanyakazi) wa kwanza ni chakula 10, na kila anayefuata bei inapanda kwa asilimia 15. Kila kibarua analeta chakula 1 kwa sekunde. Wenzangu wanacheza nusu saa kwa furaha, halafu wanaacha wote. Nimekosea wapi?

Marahaba. Bei yako inazidishwa, lakini mapato yako yanajumlishwa tu. Mwanzoni tofauti hiyo haionekani. Ukiwa na vibarua 50, anayefuata ni 10 × 1.15^50, yaani chakula 10,837. Unaingiza 50 kwa sekunde, kwa hiyo unangoja dakika 3 na nusu hivi. Ukiwa na 60, unangoja dakika 12. Ukiwa na 100, bei imefika milioni 11.7 na kungoja ni saa 32 na zaidi kwa chungu mmoja. Ukijumlisha muda wa kungoja tangu kibarua wa kwanza, utaona wa hamsini anapatikana karibu na nusu saa, na hapo hapo ndipo wenzako wanapoweka simu chini.

Kupunguza asilimia peke yake hakuponyi. Kwa asilimia 7, kibarua baada ya wa 100 anangojewa sekunde 87 tu, jambo zuri, lakini baada ya wa 150 unangoja dakika 28. Ukuta umesogezwa, haujabomolewa.

Kinachobomoa ukuta ni mapato nayo kuzidishwa. Njia ya kwanza ni vituo: ukifikisha vibarua 25, uzalishaji wa kila kibarua unakuwa mara mbili, vivyo hivyo kwa 50 na 100. Angalia lakini: kwa asilimia 15, bei hupanda mara mbili kila baada ya vibarua 5, na kutoka kituo cha 25 hadi cha 50 imepanda mara 33. Mara mbili yako haitaifikia. Kwa asilimia 7, vibarua 25 hupandisha bei mara 5.4 tu, na hapo vituo vinaleta maana. Sisi tungechukua 7.

Njia ya pili, ambayo huwezi kuikwepa, ni madaraja. Kila daraja jipya liwe na bei mara 12 ya lile la chini na uzalishaji mara 8. Kibarua: bei 10, analeta 1. Kikosi: 120, kinaleta 8. Kiota: 1,440, kinaleta 64. Mti: 17,280, unaleta 512. Ukigawa bei kwa mapato utapata sekunde 10, 15, 22.5 na karibu 34. Subira inaongezeka polepole, na mchezaji kila mara ana kitu kipya cha kutamani.

Fanya hesabu hizi kwenye jedwali la kompyuta kabla hujaandika mstari wowote wa programu. Safu nne zinatosha: idadi, bei, mapato kwa sekunde, muda wa kungoja. Ukiona muda wa kungoja umevuka dakika 10 na hakuna daraja jipya lililofunguka, umeupata ukuta wako kabla mchezaji hajaugonga.

Simu ikizima kioo, au nikihamia programu nyingine, koloni langu linasimama. Nikirudi baada ya saa nzima chakula ni kilekile. Msomaji, Lindi Mjini.

Unatumia setInterval, amri ya kurudia kazi kila baada ya muda fulani, na kuongeza chakula kila inapoita. Kivinjari hakikuahidi kuiita. Ukurasa ukiwa nyuma, vivinjari huipunguza hadi mara moja kwa sekunde. Chrome, tangu mwaka 2021, ukurasa ukikaa umefichwa zaidi ya dakika 5 huweza kuipunguza hadi mara moja kwa dakika. Simu zenyewe huugandisha ukurasa kabisa. Usihesabu miito, hesabu saa.

let sasa = Date.now();
let sekunde = Math.max(0, (sasa - mwisho) / 1000);
mwisho = sasa;

Halafu zidisha uzalishaji kwa hizo sekunde. Hifadhi "mwisho", yaani saa ya hesabu iliyopita, pamoja na data nyingine, ili hata kivinjari kikifungwa, mchezo ujue muda uliopita. Ile Math.max ni ya mtu aliyerudisha saa ya simu nyuma: bila hiyo, muda unakuwa hasi na chakula kinapungua. Anayeipeleka saa mbele utamdhibiti kwa kikomo, kwa mfano saa 8 za mapato kwa kila kutokuwepo.

Sasa tahadhari kubwa zaidi. Kama una malkia anayetoa vibarua, usichukue mapato ya wakati wa kuondoka ukayazidisha kwa muda wote. Tuseme mchezaji aliondoka na vibarua 20, na malkia anatoa kibarua 1 kila sekunde 10. Kwa saa moja, kuzidisha kawaida kunampa 20 × 3,600 = 72,000. Lakini vibarua waliendelea kuzaliwa. Hesabu sahihi ni 20 × t + ½ × 0.1 × t², t ikiwa ni sekunde zilizopita, nayo inatoa 720,000. Umemnyima mchezaji sehemu tisa kati ya kumi za haki yake, na yeye ataona tu kwamba mchezo "unaibia" ukiwa umefungwa.

Kama fomula inakuwa ngumu kwa sababu ya madaraja mengi, zungusha kwa hatua. Hatua za dakika moja, mara 60, zitakupa 709,200 badala ya 720,000, pungufu ya asilimia 1.5. Kwa mchezo, hiyo inatosha kabisa, na simu yoyote itaimaliza kabla mtu hajapepesa jicho.

Nimechagua maji moto kwa sababu wamejaa kwenye mikorosho yetu hapa Nachingwea. Nataka mchezo ufuate maisha yao ya kweli, siyo chungu wa kubuni tu. Niweke nini?

Umechagua vizuri mno. Mdudu huyu amekwisha kukutengenezea mchezo, kazi yako ni kumfuata.

Maji moto wa kwetu kitaalamu ni Oecophylla longinoda. Hachimbi ardhi, anashona kiota kwa majani mabichi yakiwa bado mtini. Vibarua wanashikana viuno kwa meno, wanakuwa mnyororo, wanavuta kingo za majani mpaka zikutane. Kisha wengine wanakuja wamebeba mabuu mdomoni, wanawapeleka huku na huku kati ya kingo mbili, na buu ndiye anayetoa uzi wa hariri. Chungu mzima hana hariri hata kidogo. Tena si kila buu anafaa: wanatumika wakubwa, walio karibu kugeuka. Hariri ambayo buu wa wadudu wengine angejifumia kifuko chake, huyu ameitoa kwa ajili ya nyumba ya wote, na anageuka akiwa wazi bila kifuko.

Hapo ndipo moyo wa mchezo wako ulipo. Wapenzi wa michezo hii hulalamika kwamba mali zote zinafanana, ni rangi tu zinabadilika. Wewe una mali moja yenye kazi mbili. Buu mkubwa ni kibarua wa kesho, na ni cherehani ya leo. Mchezaji akimpeleka kushona, mzuie asikue kwa sekunde 30, kisha mrudishe kitandani. Asife, kwa sababu hata mtini hafi. Ikiwa kiota kinahitaji mabuu 5 kwa pamoja, mchezaji mwenye mabuu 6 atafikiri mara mbili, na kufikiri huko ndiko kucheza.

Chakula kigawe mara mbili. Wadudu wanaowindwa ni nyama, na nyama ni ya kukuza mabuu. Vibarua wenyewe wanaendeshwa zaidi na utamu, nao wanaupata kwa wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mti, ambao maji moto huwalinda ili wawakamue yale majimaji matamu. Kwa hiyo weka mali mbili, nyama na utamu. Zikiwa moja tu, mchezaji ataziba pengo lolote kwa kununua wawindaji zaidi.

Vibarua pia ni wa aina mbili. Wakubwa wanawinda, wanalinda na kujenga; wadogo wanabaki kiotani kulea. Malkia ni mmoja katika koloni zima, hata kama koloni lina viota vingi kwenye miti kadhaa. Hiyo inakupa dari ya asili: viota vinaongeza nafasi, lakini kasi ya mayai inatoka kwa mmoja. Usimruhusu mchezaji kununua malkia wa pili. Mpe maboresho ya kumlisha malkia vizuri zaidi.

Adui mkubwa chini ya mti ni Pheidole megacephala, chungu mdogo wa kahawia mwenye askari wa vichwa vikubwa, anayekaa ardhini na kuwazuia maji moto wasipite. Kwa hiyo kupanuka kuwe na bei mbili. Mti ambao matawi yake yanagusana na ya jirani, wanavuka juu bila hasara. Mti uliojitenga, inabidi washuke chini wapambane. Wakulima wa machungwa China waliunganisha miti kwa vijiti vya mianzi ili chungu wa jamii hii wavuke. Daraja la namna hiyo ni boresho zuri sana la kati ya mchezo.

Na faida yake kwa mkulima iingie pia. Maji moto wanawinda mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi na maua, na kwenye minazi wanamzuia mdudu anayeangusha vidaka. Weka kipimo cha afya ya mti: kadiri wawindaji wanavyotosha, mti unachipua majani mapya, na majani mapya ndiyo malighafi ya viota. Halafu weka tukio la kupuliziwa dawa ya kuua wadudu, ambayo haichagui: inaondoa mbu na inaondoa maji moto. Kwenye shamba halisi ni hivyohivyo, na mchezaji wa Nachingwea atakuelewa bila maelezo.

Koloni langu likikosa chakula kidogo tu linakufa lote ndani ya dakika moja. Ni kosa la programu? Msomaji, Masasi.

Programu inafanya ulichoiambia. Umetuandikia kwamba mtafutaji analeta 0.5 kwa sekunde, kila kibarua anakula 0.2, buu anakula 0.4, na chakula kikiisha mchezo unaua kibarua. Chukua vibarua 100, kati yao watafutaji 60, na mabuu 25. Kinaingia 30, kinaliwa 20 na 10. Sawasawa. Ongeza buu mmoja: upungufu wa 0.4. Mchezo unaua mtafutaji mmoja. Umeokoa 0.2 alizokuwa akila, umepoteza 0.5 alizokuwa akileta. Upungufu sasa ni 0.7. Unaua wa pili, unakuwa 1.0. Kila anayekufa anaongeza njaa, na haitasimama mpaka asibaki mtu.

Geuza mpangilio. Njaa ianze kwa mayai na mabuu, kama ilivyo kwa chungu wa kweli, ambao wakibanwa na njaa hula mayai na mabuu wao wenyewe. Buu mmoja akiondoka, 0.4 inarudi na upungufu umekwisha. Mabuu wakiisha na njaa bado ipo, wape vibarua kazi ya nusu kasi badala ya kifo. Na muhimu: onyesha namba ya upungufu kwa rangi nyekundu kabla ghala halijafika sifuri. Mtu akiambiwa amebakiza sekunde 90, atatafuta dawa. Akikuta koloni limekwisha, atafuta mchezo.

Baada ya siku tatu namba zangu zinaandikwa 1e+21, na rafiki yangu amepata neno Infinity. Newala.

JavaScript hubadili maandishi yenyewe namba ikifika 10^21. Andika kazi ndogo ya kupanga: chini ya 1,000 onyesha ilivyo, kisha elfu, milioni, bilioni, trilioni, na kuanzia hapo tumia mtindo wa 3.45e18 bila aibu. Majina baada ya trilioni hakuna anayeyakumbuka.

Infinity, yaani namba isiyo na mwisho, inakuja ukivuka takriban 1.8 × 10^308. Kuna tatizo jingine linaloanza mapema na halionekani: juu ya 9,007,199,254,740,991 namba nzima hazishikiki zote kwa usahihi, na ukiwa na 10^16, kuongeza 1 hakubadili kitu. Kwa chakula si neno. Kwa hesabu ya miti, viota na mafanikio ya mchezaji, zitunze pembeni kama namba ndogo. Kama kweli unataka kuvuka 10^308, tumia maktaba ya break_infinity.js, lakini kwa koloni la chungu, mchezo unaofika huko mara nyingi umepandisha uzalishaji ovyo. Rudi kwenye jedwali kwanza.

Mimi si muundaji, ni mchezaji. Ninunue kipi kwanza: cha bei ndogo au chenye faida kubwa? Kilwa Masoko.

Wengi wanagawa bei kwa faida na kuchagua muda mfupi wa kurudisha. Hesabu hiyo inasahau muda wa kungoja kabla ya kununua. Jumlisha zote mbili: bei ÷ mapato ya sasa, ongeza bei ÷ faida. Ukiingiza 40 kwa sekunde, kikosi cha 600 kinachoongeza 5 kinapata 15 + 120 = 135. Kiota cha 2,000 kinachoongeza 20 kinapata 50 + 100 = 150. Kiota kinarudisha haraka zaidi, lakini anza na kikosi. Ukipima: kikosi kwanza, vyote viwili unavyo sekunde ya 59.4, kiota kwanza, sekunde ya 60. Ni kidogo hapa, ila tofauti hukua pale bei inapokuwa ya kungojea saa nzima.

Nataka kitufe cha "nunua wote ninaoweza", lakini kinagandisha simu. Tandahimba.

Kwa sababu unanunua mmoja mmoja ndani ya mzunguko. Ukiwa na n, bei ya mwanzo b na kizidisho r, bei ya k kwa pamoja ni b × r^n × (r^k − 1) ÷ (r − 1). Kupata k kutoka chakula m: log(m × (r − 1) ÷ (b × r^n) + 1) ÷ log(r), kisha kata desimali. Mfano: b 10, r 1.15, una vibarua 20 na chakula 5,000. Jibu ni 12.3, kwa hiyo unanunua 12 kwa 4,747 hivi. Kama unakadiria bei ya kila mmoja kuwa namba nzima, fomula itapishana kidogo na jumla yako. Acha kukadiria kwenye hesabu, kadiria kwenye maandishi tu.

Nimesikia michezo hii huwa na "kuanza upya kwa faida". Nifanyeje kwa chungu, na mchezaji aanze upya lini? Mikindani.

Kwa chungu jambo hili lina sura yake ya asili. Koloni likikomaa hutoa malkia wachanga wenye mabawa. Wanaruka, wanapandana na madume, kisha kila malkia anajaribu kuanzisha koloni lake. Mchezaji anaacha koloni la zamani na kuondoka na malkia hao. Idadi yao iwe kipeuo cha pili (square root) cha (chakula chote alichowahi kukusanya ÷ 1,000,000), desimali zikikatwa. Milioni 4 zinampa malkia 2. Milioni 100 zinampa 10. Kila malkia aongeze uzalishaji wote kwa asilimia 10.

Kwa fomula hiyo, kupata malkia mara mbili kunahitaji chakula mara nne, kwa hiyo kukaa sana hakulipi. Mara ya kwanza tungemshauri angoje malkia 10, kwa sababu uzalishaji unakuwa mara mbili na ataihisi. Baadaye, aruke pale kungoja malkia mmoja zaidi kunapochukua muda mrefu kuliko aliotumia kuwapata watano waliotangulia. Onyesha kwenye kitufe idadi atakayopata sasa hivi. Kitufe kisicho na namba hakuna anayethubutu kukibonyeza.

Je, mchezo utakula bando? Na nikibadili simu, koloni langu litapotea? Ruangwa.

Ukiuandika wote ndani ya faili moja la HTML, ukishapakuliwa hauhitaji mtandao tena. Hali ya mchezo inakaa kwenye localStorage, yaani hifadhi ya ndani, ya kivinjari hicho tu, na mtu akifuta data za kivinjari, imekwenda. Kwa hiyo weka kitufe cha kutoa hali kama maandishi: JSON.stringify, kisha btoa, mchezaji anakili na kujitumia kwa WhatsApp, na simu mpya ina kisanduku cha kuyabandika. Kabla ya kuhifadhi, kagua kila namba kwa Number.isFinite. JSON hugeuza Infinity na NaN (jibu lisilo namba) kuwa null, yaani tupu, bila kukuonya, na ukipakia tena, null ikijumlishwa inahesabiwa sifuri: mchezaji anafungua asubuhi, ghala tupu. Hifadhi nakala mbili, ya sasa na ya dakika 10 zilizopita, ili ya kwanza ikiharibika ya pili ichukue nafasi.